Wakili wa kupangiwa huitwa kesi ikiwa imeshaiva

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na unisamehe kwa urefu. Hivi karibuni msomaji mmoja aliandika hapa kuhusu kaka yake aliyehukumiwa kunyongwa hadi kufa. Alisema mahakama ilimpa kaka yake wakili, wakili huyo akaonana naye kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, akauliza maswali mawili matatu, akakaa. Akamalizia kwamba wakili wa kupangiwa ni pambo tu, anawekwa pale ili hukumu ionekane imepita njia ya haki.

Mimi ni mmoja wa hayo mapambo. Ni mwanamke, wakili wa kujitegemea, ofisi yangu iko juu ya duka la vipuri vya pikipiki katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, na jina langu limo kwenye orodha ya mawakili wanaoitwa na Mahakama Kuu kuwatetea washtakiwa wa mauaji wasio na fedha. Sikukaa kuandika ili nimkanushe ndugu yule. Asubuhi aliyoieleza naijua vizuri. Ninachotaka kumwambia yeye, na wanaotupangia kesi, ni kwamba wakili anapewa lawama ambayo sehemu yake kubwa ni ya tarehe anayoitwa.

Nianze na namna mtu anavyoingia kwenye orodha hiyo, maana wengi hudhani kuna usaili mkali na barua yenye muhuri wa bibi na bwana. Kwetu hakuna. Ukimaliza shahada ya sheria, ukapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ukaapishwa na Jaji Mkuu na leseni yako ya mwaka ikawa hai, umetimia. Unakwenda masjala, unajitambulisha kwa Naibu Msajili, unaacha namba ya simu. Viongozi wa chama chetu cha mawakili mkoani nao huulizwa nani yupo na nani anafaa. Halafu siku moja simu inaita: kuna sesheni inaanza, yaani kipindi cha Mahakama Kuu kusikiliza kesi, umepangiwa kesi hizi na hizi, njoo uchukue majalada.

Nitasema wazi kilichonipeleka masjala: njaa ya kazi. Wakili mpya mjini hupata mikataba ya kuuziana viwanja, viapo vya waliopoteza vyeti, na ugomvi wa mirathi wa shemeji wa shemeji. Hakuna familia inayouza ng'ombe wake wote impelekee fedha binti aliyeapishwa juzi ili amwokoe mtoto wao na kitanzi. Ukitaka kusimama mbele ya jaji katika kesi nzito, ukabishana na mawakili wa Serikali waliokaa wawili au watatu upande wa pili, mlango ulio wazi ni huu wa kupangiwa. Wenzangu wakubwa waliniambia kaa mwaka mmoja ujifunze, kisha toka, haina maslahi. Nimekaa zaidi ya huo mwaka, na bado nimo.

Maslahi kweli hayapo, na sitalia sana hapa. Malipo ni kidogo, yanachelewa, na wakati mwingine nauli ya basi, gesti na kutoa kopi za jalada vinamaliza kilichoandikwa kwenye fomu ya madai kabla hakijalipwa. Nimewahi kumaliza sesheni nikiwa na deni kwa mwenye steshenari. Ni mama mwelewa, mtoto wa dada yake alikuwa mahabusu. Basi, hilo nimelisema.

Sasa jalada. Mtu akikamatwa kwa mauaji hupelekwa kwanza mahakama ya wilaya. Hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo, kwa hiyo mshtakiwa haulizwi kama ametenda au hakutenda. Anasomewa shtaka, hana dhamana, anarudishwa gerezani. Kila baada ya wiki mbili karandinga humleta, wakili wa Serikali au mwendesha mashtaka husema upelelezi haujakamilika, na kesi huahirishwa. Hali hiyo huchukua miezi, na kwa wengi miaka. Upelelezi ukikamilika, Mkurugenzi wa Mashtaka hufungua taarifa, yaani hati ya mashtaka, Mahakama Kuu, na hakimu yule wa wilaya hufanya mwenendo kabidhi: anamsomea mshtakiwa maelezo ya mashahidi wote na nyaraka zote zitakazotumika, kisha anamkabidhi Mahakama Kuu. Kesi husubiri sesheni. Sesheni ikitangazwa, ndipo wakili wa kupangiwa hupigiwa simu.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye mwenendo kabidhi, kwa sababu watu wengi hawaujui na ndipo panaponiuma. Siku ile mshtakiwa anaulizwa mambo mawili. La kwanza, je, ana lolote la kusema juu ya yale aliyosomewa, au atasema mbele ya jaji? La pili, je, ana mashahidi anaotaka kuwaita, na ni akina nani? Majibu yake yanaandikwa. Yamo kwenye jalada ninalokabidhiwa mimi baadaye, na yamo kwenye jalada la jaji na la wakili wa Serikali. Mtu anayeulizwa maswali hayo anasimama peke yake. Mara nyingi ni mkulima au mchunga ng'ombe, hajui kama kusema sana kutamsaidia au kutamfunga, amesomewa kurasa nyingi za maelezo kwa mkupuo, na askari yuko mgongoni kwake. Karibu wote hujibu vilevile: sina la kusema, sina shahidi.

Nilipata kesi ya kijana mmoja mchunga ng'ombe. Nitabadilisha mambo madogo ili asitambulike. Alishtakiwa pamoja na mwenzake kwa kumuua bibi kizee wa jirani usiku, kwa panga, yale mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa wachawi kwa macho yao mekundu, ambayo huku kwetu tumeyazoea hata tunayazungumza kama habari za mvua. Jalada lilisema hana shahidi. Nilipomkuta na kumuuliza usiku ule alikuwa wapi, alijibu bila kusita kwamba alikuwa mnadani wilaya ya pili, alipeleka ng'ombe wa baba yake mdogo, akalala kwa mfanyabiashara mmoja wa mifugo kwa sababu giza lilishaingia na njia haikuwa salama. Alikumbuka rangi ya ng'ombe. Alikumbuka kilichopikwa. Nikamuuliza, mbona hukumwambia hakimu? Akasema, "Hakimu aliuliza kama nina shahidi. Mimi nilidhani shahidi ni mtu aliyeona mauaji. Yule hakuona, alikuwa na mimi."

Sheria yetu inataka mtu anayejitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio atoe taarifa mapema, ili upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, upate nafasi ya kuchunguza kama ni kweli. Ni sharti la haki kabisa. Lakini mapema ya mtu asiye na wakili ni lini? Nilitoa taarifa nilipopewa jalada, nikamtafuta yule mfanyabiashara. Kumbe alishahama na mifugo yake kwenda kusini kama Wasukuma wengi walivyofanya, wengine wakisema yuko Lindi, wengine Ruvuma. Simu yake ya zamani ilipokewa na mwanamke wa Kahama ambaye alinunua laini hiyo dukani. Hata kitabu cha mnada, ambacho huenda kingeonyesha ushuru wa ng'ombe wale, hakikupatikana.

Kijana aliachiwa huru, lakini mnada haukuchangia chochote. Shahidi muhimu alisema aliwatambua washambuliaji kwa mwanga wa tochi, na tochi yenyewe walikuwa nayo wao wakimmulika yeye usoni. Jambo hilo mahakama zetu zililiwekea msingi tangu shauri la mshtakiwa aitwaye Waziri Amani la 1980: ushahidi wa kumtambua mtu ni dhaifu, hauaminiwi mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Mwanga ulitoka wapi, ulikuwa na nguvu gani, walikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla? Nilimuuliza shahidi maswali hayo moja baada ya jingine, na jaji akaandika. Wengine wangesema tulishinda. Mimi nahesabu kwamba yule kijana alikamatwa mdogo wake akianza darasa la kwanza na akatoka mdogo huyo amemaliza la saba. Kama wakili angekuwepo mwezi ule wa kwanza, mfanyabiashara yupo, kitabu cha ushuru kipo, mpelelezi angeweza kwenda kuthibitisha na huenda shtaka lingeondolewa bila mimi kuvaa joho.

Kumkabidhi wakili jalada la miaka saba siku chache kabla ya kesi ni kumwita mganga sanda ikiwa imeshakatwa. Anaweza kubahatika. Mara nyingi anabaki kupima tu palipobaki.

Tena hapo nimezungumzia siku chache. Hukumsikia vibaya kaka yako, ndugu uliyeandika: kuna sesheni ambazo wakili anakutana na mteja kwenye mahabusu ya mahakama, wenzake wakiwa wamejaa humo humo, askari anasema mama wakili fanya haraka, jaji anaingia saa tatu. Unaongea kupitia nondo. Unamwambia mtu usiyemjua aseme siri ya maisha yake mbele ya washtakiwa wengine, ambao huenda kesho wataitwa kutoa ushahidi dhidi yake. Wakili mwenye bidii anaomba kesi iahirishwe. Jaji, ambaye naye amepangiwa kesi nyingi kwenye sesheni hiyo na bajeti yake ina mwisho, anakubali au anakupa saa moja. Ukiahirisha, mteja anarudi kungoja sesheni nyingine. Mteja mwenyewe ndiye hukuomba usiahirishe. Amechoka.

Na kuna suala la kuaminiana, ambalo halimo katika sheria yoyote. Mzee mmoja nilimsalimia, shikamoo baba, akaitika marahaba, kisha akaniuliza nani ananilipa. Nikamwambia mahakama. Alinitazama muda mrefu. "Hii hii inayotaka kuninyonga?" Nikajaribu kumweleza kwamba anayemshtaki ni Jamhuri, anayeamua ni jaji, na mimi niko upande wake. Nilikuwa naeleza kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu. Tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo jema sana, lakini kwa mzee aliyezeeka na Kisukuma chake ni lugha ya wageni kama kilivyokuwa Kiingereza. Mkalimani aliyepatikana pale gerezani alikuwa askari magereza. Kijana mstaarabu, anajua Kisukuma vizuri. Ila nani atamwambia wakili wake ukweli kupitia kinywa cha askari?

Nilimtafuta mama mmoja, msaidizi wa kisheria wa kata jirani, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Alikuja kwa bodaboda kwa fedha yangu. Alikaa na mzee akamuuliza kwanza habari za mvua, za mahari ya watoto, za ukoo. Ilipofika mchana, mzee alisema yote. Walikuwa kilabuni, wamekunywa, mkwewe akamtukana juu ya ng'ombe wa mahari ambao hawajaisha, wakashikana, yeye akaokota gogo. Pigo moja. Hakukimbia, yeye ndiye aliyemwita balozi wa nyumba kumi. Kwa kukusudia au bila kukusudia? Hilo ndilo swali lililobeba uhai wake, maana kuua kwa kukusudia jaji hana adhabu ya kuchagua, ni kunyongwa tu. Kuua bila kukusudia, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha na jaji anaweza kushuka mpaka miaka michache. Nilizungumza na wakili wa Serikali msomi, tukalipitia jalada pamoja, naye akaona kile nilichokiona. Shtaka likapunguzwa, mzee akakiri lile dogo, jaji akazingatia muda aliokaa ndani. Mazungumzo hayo kati yetu mawakili wawili yalimalizika ndani ya siku moja. Mzee alikuwa ameyangoja kwa miaka bila kujua kwamba yanawezekana.

Wengine watasema tangu 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania, kwa hiyo kitanzi ni maneno. Waende wakakae na mtu aliyekwishasomewa hukumu hiyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, ilisema 2019 katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kupima mazingira kunavunja haki ya kuishi. Sheria yetu bado inamlazimisha. Ndiyo maana kwa wakili wa kupangiwa pambano lote liko kabla ya hatia. Ukishindwa hapo, huna cha kumwomba jaji.

Mahakama hiyohiyo ya Arusha imetuambia jambo jingine ambalo nashangaa halizungumzwi magazetini. Sisi tunapangiwa kesi za mauaji. Kijana aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kima cha chini cha adhabu yake ni miaka 30, kesi yake inasikilizwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na huko kwa kawaida hakuna anayempangia wakili. Anamhoji mpelelezi mwenyewe. Anapinga mwenyewe maelezo ya onyo, yale yanayoandikwa polisi, anayodai alilazimishwa kutia dole gumba. Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba mtu anayekabiliwa na shtaka zito la namna hiyo na hana uwezo alistahili kupewa wakili bure, na kutompa kulivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Yakafuata mashauri mengine kadhaa na jibu likawa lile lile. Katika shauri la Minani Evarist, 2018, iliagiza alipwe shilingi 300,000 kwa kukosa wakili. Nimeisoma hukumu ile mara kadhaa na kila nikifika kwenye tarakimu hiyo natabasamu vibaya. Halafu Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe mbele ya mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa.

Wala hatukuhitaji kuambiwa na Arusha. Jaji Mwalusanya akiwa Mahakama Kuu Dodoma aliyaandika hayo mapema sana, katika shauri la Khasim Hamisi Manywele la 1990: mshtakiwa maskini wa kosa zito ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kupata wakili, na kupewa. Tulikuwa na sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai tangu 1969, sasa tuna hii ya 2017 inayompa jaji au hakimu mamlaka ya kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili pale haki inapodai hivyo. Nasisitiza, au hakimu. Hakuna mahali sheria imesema hakimu angoje mpaka Mahakama Kuu itangaze sesheni. Mtu wa mauaji akifikishwa kwa hakimu mara ya kwanza, hakimu anaona kwa macho kwamba huyu hana kitu. Anaweza kuagiza siku ileile.

Najua nitaulizwa fedha zitatoka wapi. Kwanza, wakili atalipwa kwa kesi ileile moja, kinachobadilika ni lini anaanza. Pili, gharama ya kumlisha mahabusu kwa miaka, kuwasafirisha mashahidi mara tatu kwa kesi inayoahirishwa kwa sababu wakili amepewa jalada jana, hizo zinatoka wapi? Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia tangu 2023 imeonyesha kwamba nia ikiwepo mawakili wanapelekwa mpaka viwanja vya shule na masoko. Nimeshiriki, nimekaa kwenye turubai nikisikiliza migogoro ya ardhi mpaka sauti ikakauka, na watu walisaidika. Lakini ushauri wa siku moja hautoshi kwa mtu aliye gerezani anayesubiri kesi ya mauaji. Anahitaji mtu mmoja yuleyule, kuanzia kwa hakimu mpaka kwa jaji.

Na kama akitiwa hatiani, mpaka Mahakama ya Rufani. Hivi sasa wakili aliyeendesha kesi akimaliza, amemaliza. Rufani hupangiwa wakili mwingine, ambaye naye anaanza kusoma mwenendo wa kesi ukurasa wa kwanza, hajui kwamba shahidi wa tatu alikuwa akimtazama mpelelezi kila mara kabla ya kujibu, maana karatasi haiandiki macho. Nakubali kuna faida ya jicho jipya. Ila angalau wapewe namba ya simu ya yule wa kwanza!

Kwa mawakili vijana wanaosoma gazeti hili na wanaogopa kuacha namba masjala, nina machache ya kuwaambia. Nendeni. Msisubiri tarehe ya sesheni, andikeni barua kwa Mkuu wa Gereza mara tu mnapojua jina la mteja, na ombeni chumba ambacho askari anawaona lakini hawasikii. Someni mwenendo kabidhi kwa kalamu mkononi, kwa sababu shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa siku ile Jamhuri haiwezi kumleta hivihivi bila taarifa, na mara nyingi ndiye wanayemtegemea. Angalieni saa mteja aliyokamatwa na saa maelezo ya onyo yalipoandikwa, sheria imetoa saa nne za kumhoji na mkizihesabu mtashangaa. Msikubali kila kitu kwenye usikilizwaji wa awali, ile hatua ya kutaja yasiyobishaniwa, kwa sababu jaji ana haraka, mkishakubali ripoti au ramani ya eneo la tukio imeingia, hairudi. Na kumbukeni tangu mabadiliko ya 2022 jaji halazimiki tena kukaa na washauri wa mahakama. Zamani mzee mmoja wa baraza angeweza kuuliza swali la kijijini ambalo nyinyi wawili wasomi hamkulifikiria. Sasa hilo swali ni lenu. Mimi huenda kijijini kwa tukio kila ninapoweza, hata kama fomu ya madai haina kisanduku cha safari hiyo. Ramani ya polisi ilinionyesha nyumba mbili jirani. Nilipofika nikakuta katikati kuna shamba la mtama ambalo msimu wa tukio lilikuwa limekomaa, refu kuliko mtu.

Mwisho nirudi kwako ndugu uliyeandika, maana huenda muda unakwenda wakati sisi tunabishana. Hukusema kaka yako alihukumiwa lini. Mwambie amuulize Mkuu wa Gereza kama taarifa yake ya kukata rufani ilipelekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Anayo haki ya kuijaza akiwa gerezani na uongozi wa gereza ndio unaoifikisha mahakamani, hahitaji fedha wala wakili kwa hatua hiyo. Kama siku zimepita, asikate tamaa, anaweza kuomba kuongezewa muda, ila aeleze kila sababu ya kuchelewa na ushahidi wake, hata kama ni kwamba alihamishwa gereza au fomu ilikaa ofisini. Aombe nakala ya mwenendo na hukumu kwa maandishi na abaki na kopi ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Rufani itakapopangwa atapewa wakili. Wewe usingoje wakili huyo akutafute, nenda masjala ukamuulize Naibu Msajili ni nani, umpigie siku hiyohiyo, umweleze kila unachokumbuka kuhusu asubuhi ile.

Wakili wa kujitegemea,
Kanda ya Ziwa
(jina limehifadhiwa)